Chakula cha Upande wa Pili wa Ukuta

Niliingia Kampala juu ya lori tupu lililokuwa limepeleka unga Juba. Tulitoka Juba alfajiri, tukavuka mpaka wa nchi pale Nimule, tukalala Gulu, na siku iliyofuata tukashuka kusini upepo ukitupiga usoni. Pale Karuma, mto unapochemka chini ya daraja, nilisimama kwenye bodi la lori nikapiga ukelele kama mtoto aliyeona treni. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, sina mke, sina mzigo ila begi la mgongoni na redio ndogo. Kabla ya Juba nilikuwa Bukavu, kabla ya Bukavu nilikuwa Kigali, na kabla ya hayo yote nilikuwa utingo wa malori yanayopita Voi. Kwetu ni Wundanyi, kwenye milima ya Taita, ambako ukungu wa asubuhi huingia jikoni bila hodi. Nilimaliza kidato cha nne, nikafunga vitabu, nikaifuata barabara. Kila nilikofika nilikukumbuka nilikotoka, na kila nilipotaka kurudi niliona njia nyingine.

Kampala nilipanga kukaa wiki moja. Mkenya mwenzangu mwenye duka la vyombo vya plastiki katika soko la Kikuubo aliniomba nimsaidie kushusha mabeseni, na wiki ikawa mwaka, mwaka ukawa miaka. Nikapata kibanda changu mwenyewe. Akaja msichana mmoja, fundi cherehani kutoka Bukoto, akitaka beseni la kulowekea vitambaa. Alirudi kulalamika kwamba beseni linavuja. Halikuwa likivuja. Huyo ndiye Robinah, mke wangu.

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu aliyekaa sasa hivi kwenye benchi la kliniki, mkono mmoja ukiwa haumtii, akidhani maisha yamekwisha. Nami nilikaa hapo. Sitakueleza mishipa inavyofanya kazi. Hilo utaelezwa na wanaolijua. Nitakueleza jinsi nilivyolishwa.

Lazima nianze na kosa la siku ya kujitambulisha kwa wakwe. Baba yake Robinah alikuwa polisi, na alikuwa ameshafariki. Mama yake alikaa miaka mingi kambini, akajifunza Kiswahili cha huko, kile cha amri, na majirani zake wa mtaa wa Kasubi walimwita Mama Polisi. Kwa Waganda, mama mkwe na mume wa bintiye hawagusani, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja. Hiyo ni heshima, na wanaiita obuko. Anayeivunja, wanasema, mikono yake itatetemeka hadi uzeeni. Mshenga wangu alinieleza mengi siku ile, namna ya kupiga magoti, namna ya kuketi, lakini hilo alilisahau. Kwa hiyo sherehe ilipokwisha, mimi mtu wa barabara niliyezoea kumpa kila mtu mkono, nilimwendea mama mkwe nikamnyooshea wa kulia. Naye, kwa mazoea ya kambini ambako wake za maofisa husalimiana kwa mikono, akaupokea. Akautikisa vizuri kabisa. Kisha ukumbi mzima ukanyamaza.

Tulicheka jambo hilo kwa miaka. Halafu mkono wangu ukatetemeka kweli.

Ilikuwa asubuhi, Kikuubo imejaa, wabeba mizigo wakipiga kelele watu wapishe. Nilikuwa namwonyesha mteja chupa ya chai. Chupa ikaniponyoka. Nikainama kuiokota, vidole vikaipapasa kama vidole vya mtu mwingine. Nikataka kumwambia mteja samahani, neno likatoka limepinda. Mama mmoja anayeuza vitunguu mbele yangu alinitazama usoni, akaacha vitunguu vyake, akawaamuru vijana wanikamate wanipeleke hospitali hapohapo, wasinipeleke nyumbani kwanza kupumzika. Nikikumbuka rehema za ugonjwa huu, naanza na yule mama. Daktari alisema ni kiharusi kidogo, na kwamba ningelala nyumbani kusubiri nafuu, huenda kisingekuwa kidogo tena.

Nilikuwa na presha ya miaka na sikujua. Ningejuaje? Chakula changu kilikuwa cha mtu asiye na meza: chapati iliyoviringishwa na mayai asubuhi, mihogo ya kukaanga mchana, jioni nyama ya kuchoma, na soda ya kusukumia. Chumvi nilikuwa naiongeza kabla sijaonja. Muuguzi wa kliniki, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole, aliniuliza mara ya mwisho nilikula mboga za majani lini. Nikafikiri sana. Robinah akajibu badala yangu kwamba mume wake huhesabu kachumbari.

Walinipa dawa za kumeza kila siku na masharti. Chumvi kidogo sana, mafuta kidogo, mboga za majani, samaki, maharage, matunda, kutembea. Na sharti la mwisho ndilo lililoniuma: hakuna safari ndefu mpaka presha itulie na mkono upate nguvu.

Liliniuma kwa sababu tulikuwa tumekwisha panga safari. Baba yangu alikuwa amefariki, mama yangu amebaki peke yake Wundanyi na shamba la matuta, na baada ya miaka yote ya kuzunguka nilikuwa nimeamua kurudi na kukaa. Robinah alikubali twende wote. Mama Polisi hakukubali. Robinah ni mtoto wake wa pekee. Tangu alipoambiwa kuhusu Wundanyi, alikuwa hajaniletea hata salamu.

Sasa nilikuwa siwezi kufunga kifungo cha shati. Robinah alishinda kazini Bukoto, na mchana hapakuwa na wa kunipikia. Basi akaenda kwa mama yake. Sijui walizungumza nini. Jioni alirudi macho yamevimba, akasema tunahamia Kasubi, kwenye chumba cha uani kwa mama. Nikamuuliza, mama ambaye haruhusiwi kunisogelea? Akasema mama ana mpango.

Mpango ulikuwa wa kijeshi. Chumba chetu kilipakana na jiko, ukuta mmoja tu katikati, wenye matundu ya hewa juu. Nje, mbele ya mlango wangu, palikuwa na kigogo cha mti. Chakula kikiiva, Mama Polisi alipiga mfuniko wa sufuria mara moja: maana yake, mkwe ingia ndani. Aliweka chakula juu ya kigogo, akarudi jikoni, akapiga mara mbili: mkwe toka. Kisha kila mmoja alikula upande wake wa ukuta.

Siku ya kwanza nilifunua majani ya migomba, mvuke ukanipiga usoni. Ndani mlikuwa na matoke yaliyopondwa, laini, ya njano, na kando yake nakati, ile mboga chungu kidogo ya Waganda, na mchuzi wa karanga wenye dagaa wa ziwani. Kila kitu kilipikwa kwa mvuke ndani ya majani. Hapakuwa na tone la mafuta. Nikaonja. Nikatafuta chumvi kwa macho, kama mtu aliyepoteza funguo.

"Mama," nikasema kuelekea kwenye matundu, ulimi bado mzito, "naomba chumvi kidogo."

Kisha sauti ikatoka ukutani.

"Wewe Mukenya, chumvi ni ya kazi gani? Iko kwa mboga tayari. Mungu alitia."

Nikala. Wiki ya kwanza nilikula kama mtu anayemeza adhabu. Mkono wa kulia haukuweza kushika tonge, nikatumia wa kushoto kwa aibu. Lakini ulimi nao hujifunza. Siku moja, mvua za masika zikiwa zimeanza, niliweka nakati mdomoni nikasikia utamu wake, ule unaokuja nyuma ya uchungu, na nikajua miaka yote sikuwahi kuonja mboga, nilikuwa naonja chumvi. Nilipiga ukuta kwa furaha. Mama mkwe alidhani nimeanguka, akapiga mfuniko hovyohovyo mpaka majirani wakatoka.

Basi chakula kikawa mazungumzo yetu. Alipika malenge, maharage, viazi vitamu, mchicha wanaouita dodo, nyanya chungu wanazoziita ntula, na katunkuma, vitunda vidogo vichungu ambavyo Kasubi nzima inaamini vinashusha presha. Nilipomwuliza muuguzi, alicheka akasema nivile tu, lakini atakayeacha vidonge kwa ajili ya katunkuma atarudi kwake amebebwa. Nilipeleka ujumbe huo ukutani. Tangu siku hiyo, kila asubuhi kwenye kigogo nilikuta kikombe cha maji, na amri ikitoka jikoni: dawa kwanza, chakula nyuma.

Na kulikuwa na saluti. Marehemu mume wake alikuwa akimpigia saluti kila anapotoka kazini, kwa utani, naye alimjibu akiwa na mwiko mkononi. Siku moja alisimama mwisho wa ua, kando ya migomba yake, mbali nami, akaniamuru nipige saluti. Niliinua mkono wa kulia. Ulifika tumboni ukakataa.

"Tumbo haina kofia," alisema. "Kesho tena."

Kesho tena, na kesho yake. Wakati wa maparachichi, ambayo aliyakata nusu na kuyakamulia limau, mkono ulifika kidevuni. Kiuno changu kilipungua, suruali zikahitaji kushonwa upya. Robinah alizipunguza usiku huku akiimba. Kikuubo waliponiona wakanong'ona. Kule mfanyabiashara mwembamba humtia mtu wasiwasi. Wanaona ama amefilisika ama anaficha ugonjwa mbaya zaidi. Wateja walininunulia mihogo ya kukaanga kwa huruma. Nilikuwa nawashukuru na kuigawa kwa wabeba mizigo.

Si kwamba nilikuwa malaika. Ulipofika msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, jiji zima liliwaka taa za kuwanasa, na Kikuubo ikanukia senene wa kukaangwa na vitunguu na chumvi. Nilisema nitaonja mmoja. Wiki ile kliniki, kipimo cha presha kilipanda, na muuguzi akaniuliza kwa upole kama kuna sherehe yoyote nyumbani. Robinah alimwambia mama yake. Mchana uliofuata mfuniko ulilia mara mbili, nikatoka mbio na njaa yangu, nikafungua majani ya migomba yaliyofungwa kwa ustadi kabisa. Ndani mlikuwa na senene mmoja. Nilisikia kicheko upande wa pili, kikavu, cha mtu anayejizuia, kisha kikamshinda. Nami nikacheka mpaka nikakaa chini. Chakula chenyewe kilikuja baadaye.

Halafu ikaja shida ya ssenga. Ssenga ni shangazi wa mke, dada ya baba yake, na neno lake ni zito. Alikuja kutoka kijijini, akauona mkono wangu ukitetemeka juu ya kikombe, akasema wazi kwamba hii si presha, hii ni obuko. Watu waligusana hadharani, sasa wanakaa ua mmoja wanalishana. Na mkono wa mama utafuata. Alitaka mimi niondoke, Robinah abaki amwangalie mama. Robinah alilia. Nilimsikia akimwambia shangazi yake kwamba hatamwacha mume wake wala hatamwacha mama yake, na kwamba kama wanataka wamkate vipande viwili walete panga. Ndani ya nyumba ile kwa siku kadhaa tulikula chakula kizuri bila kukisikia.

Ssenga aliporudi kwao, mama mkwe alikuja jikoni mapema. Nilisikia akimenya matoke, kisu kikikwaruza. Kisha kisu kikanyamaza.

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Ile siku, ni wewe ulileta mkono. Lakini ni mimi nilipokea."

Nilimwambia kwamba daktari alikuwa ameeleza vizuri, ni presha na chumvi na miaka ya kula ovyo, si mkono wake.

"Daktari anajua yake. Mimi najua yangu," alisema. "Bwana yangu alikufa na puresha. Nilikuwa napika mafuta mingi, alikuwa anapenda. Hakuna mtu aliniambia. Sasa wewe nimeambiwa."

Nilifikiri amemaliza.

"Mkono ikipona," akasema, "utachukua mtoto wangu, mtaenda."

Nikasema, "Ndiyo, mama."

"Ninajua," alisema, na kisu kikaanza tena kukwaruza. "Kura chakula."

Ndivyo anavyotamka kula. Kuanzia asubuhi ile nilijua kila bakuli lilikuwa linanisogeza karibu na barabara, na yeye ndiye aliyekuwa akilijaza. Hakupunguza hata kijiko. Kama kuna kitu, aliongeza. Alitafuta samaki wabichi alfajiri sokoni, akarudi na miguu yenye matope, akawafunga kwenye majani na nyanya na tangawizi.

Jambo jema lililotokana na maneno yale ni kwamba Robinah alimburuta mama yake kliniki kupimwa, na presha yake ilikuwa juu pia. Si juu kama yangu, ila ya kutosha kupewa vidonge. Tukawa wagonjwa wa siku ileile ya kliniki. Kliniki ile ina benchi refu; aliye mbele akiitwa, wote mnasogea. Mama Polisi alikaa mwisho mmoja, mimi mwingine. Lakini watu wa katikati waliitwa mmojammoja, wengine wakaenda msalani, na benchi likaendelea kutusogeza. Nilimwona akinikaribia kwa jicho la pembeni, naye akiniona, wote tunatazama ukuta kama tunasoma bango. Mwishowe akapaza sauti, benchi zima lisikie.

"Musawo, huyu ni mkwe wangu. Weka mtu kwa katikati."

Muuguzi aliinua kichwa. Mke wa askari mmoja kutoka Arua, mnene, mchangamfu, akainuka kutoka nyuma akaja kuketi kati yetu kwa heshima zote.

"Mimi ndio ukuta," alisema. "Mpake rangi."

Benchi lote lilicheka, hata mzee mmoja aliyekuwa ameshikwa na kifua. Tangu hapo kila siku ya kliniki yule mama alituwekea nafasi, na kwa kuwa alikuwa katikati, mama mkwe alimfundisha kupika kwa majani na mimi nilimsimulia kimanga, chakula cha kwetu cha mihogo na maharage yaliyopondwa pamoja. Alikuwa anageuza kichwa kulia na kushoto kama mtu anayetazama mpira. Ujumbe wangu mwingi kwa mama mkwe ulipitia kwake, na aliurekebisha apendavyo.

Mvua zikaja tena, zikapita. Saluti ilifika sikioni, kisha kwenye paji la uso, ila vidole vilicheza kama majani. Kisha asubuhi moja, bila kutarajia, vilitulia. Mama mkwe alikuwa kando ya migomba. Alitazama muda mrefu. Kisha akaingia jikoni, na mchana ule alinitengenezea kuku ndani ya majani, chakula cha sikukuu, ingawa haikuwa sikukuu.

Daktari aliniruhusu kusafiri, kwa masharti: dawa, kupimwa huko niendako, na chakula kilekile. Nikauza kibanda. Robinah alishona mapazia ya nyumba ya Wundanyi bila kujua ukubwa wa madirisha. Tulikubaliana kwamba baada ya mavuno mama yake atakuja kutembea, naye akajibu kupitia ukutani kwamba atakuja kuangalia kama mama yangu anajua kupika bila chumvi.

Siku ya kuondoka, jua lilikuwa limekwisha panda. Robinah na mama yake walikumbatiana jikoni. Mimi nilikaa ndani ya chumba kitupu nikisikiliza, kwa sababu ukuta ule haukuficha kitu. Walilia wakacheka, wakalia tena. Kisha mfuniko ukapigwa mara mbili.

Nilitoka. Juu ya kigogo palikuwa na kifurushi cha majani ya migomba, bado cha moto, na mfuko wa mbegu za nakati umefungwa kwa uzi. Nikavichukua kwa mkono wa kulia. Mama Polisi alikuwa amesimama mwisho wa ua, mahali pake, amevaa gauni la gomesi alilovaa siku ile ya kujitambulisha. Nilitaka kusema mengi. Nilitamani, Mungu anisamehe, kumpa mkono.

Yeye ndiye aliyeanza. Alisimama wima, visigino pamoja, akainua mkono kwenye paji la uso, akaushikilia pale. Nikaweka kifurushi chini, nikasimama wima, nikamjibu. Mkono wangu haukutetemeka. Nikautazama wake, kwa sababu ya yale maneno ya ssenga. Nao ulikuwa umetulia kabisa.

"Haya," alisema. "Ondoka."

Tulikula kile chakula tukiwa tumeshapita Jinja, mto Nili ukiwa nyuma yetu. Kilikuwa bado na joto.